Moto wa Maganda ya Muhogo

Kazija Nyange alikuwa mtu wa kufurahia vitu ambavyo wenzake huvizibia pua. Ukimwona ameinama juu ya ndoo ya kitu kilichochacha, mtandio umemwangukia mabegani na macho yamemtoka, usidhani amepotelewa na pete. Amesikia kitu kinatokota humo ndani, na hana habari tena na jua wala njaa. Ndivyo alivyokuwa tangu utotoni. Mama yake akimtuma kuosha chungu cha mtindi, alirudi na chungu kichafu vilevile na swali mdomoni: kwa nini maziwa ya jana yameganda na ya leo yamegoma?

Alizaliwa Ole, katika ukoo wa watu ambao babu zao walitoka bara kuja Pemba kuchuma karafuu, wakabaki, wakawa watu wa hapo. Masomo hayakumfikisha mbali. Alimaliza Kidato cha Nne, akakosa pointi za kuendelea, akaajiriwa mtunza maabara katika sekondari moja ya huko huko Ole. Kazi yenyewe ilikuwa kuosha chupa, kufunga makabati na kufagia. Lakini ukifagia miaka kumi na tisa nyuma ya walimu wa sayansi, mengi yanakuingia sikioni, na kabati la vitabu vikuukuu lilikuwa chini ya ufunguo wake. Mwaka huo wa 2013 alikuwa na umri wa miaka arubaini na moja; mjane, hana mtoto, ana baiskeli.

Mambo yalianza mwezi wa Agosti. Mtihani wa taifa wa kemia kwa vitendo ulikuwa unakuja Oktoba, na maabara haina hata tone la spiriti. Taa za kupashia dawa zilikuwepo, ishirini na nne, za kioo, Kazija anazifuta vumbi kila Jumatatu. Cha kuziwashia hakuna. Mwaka uliotangulia wanafunzi walipasha mirija yao kwa zamu kwenye jiko moja la mafuta ya taa. Jiko likafuka, mirija ikawa myeusi kama makaa, na nusu ya darasa walitoka bila kuiona rangi ya kitu kilichomo ndani. Kazija ndiye aliyeisugua mirija ile baadaye, na kila mmoja alioushika ulimuuma.

Mwalimu wa kemia, Nassor, kijana mpole wa Wete, alikuwa ameagiza spiriti kutoka Unguja. Kazija akapanda baiskeli mpaka bandarini Wesha kuipokea. Siku mbili alisimama pale. Vilishuka saruji, vitunguu, magodoro, hata mbuzi wenye kiburi, spiriti haikushuka.

"Mzigo wa namna ile, Bi, manahodha wanaukwepa," karani wa bandari alimwambia. "Ni kama kupakia moto. Labda mwezi ujao. Labda mwakani."

Alirudi Ole akikanyaga pedali kwa hasira. Karibu na nyumbani alipita kwa jirani yake Mwanapili, ambaye yeye na kikundi chake cha kina mama walikuwa wakikaanga kripsi za muhogo na kuziuza Chake Chake. Maganda waliyatupa nyuma ya banda, na lundo lilikuwa limefika kifuani kwa mtu mzima. Mvua ya juzi ilikuwa imelilowesha. Kazija alishuka kwenye baiskeli kwa ajili ya harufu: tamu na kali kwa pamoja, kama embe lililoangukia majanini likasahauliwa. Akakunja mkono wa baibui, akauzamisha mkono ndani ya lundo mpaka kwenye kiwiko.

"Kazija! Una nini weye?" Mwanapili alipiga kelele. "Mna mafunza humo!"

"Mna joto, Mwanapili. Joto la mtu mwenye homa."

"Maganda yameoza. Cha ajabu n'nini?"

"Kuna kitu humu kinakula, tena kinapumua." Kazija tayari alikuwa anacheka peke yake. "Nipe magunia mawili."

"Chukua lote! Utapata thawabu."

Alichokuwa akikiwaza alikisoma zamani, katika kitabu ambacho jalada lake lililiwa na mende. Muhogo una wanga, na ganda lake pia. Wanga ukigeuzwa sukari, na sukari wakapewa vijidudu, vijidudu huila na kutoa spiriti, ile ambayo Mwalimu Nassor huiita ethanoli. Kuwa spiriti ya taa na kileo cha mlevi ni watoto wa tumbo moja, Kazija alilijua. Alijua pia anaishi kijiji gani.

Alianza nyuma ya maabara, mchana kweupe, ili asije mtu akasema amejificha. Aliyachemsha maganda mpaka yakalainika, akayaponda, akasubiri yapoe kiasi cha mkono kuvumilia kwa shida, kisha akatia unga wa mtama ulioota, yaani kimea. Baada ya saa moja alionja. Uji uliokuwa chapwa kama karatasi ulikuwa mtamu! Alionja tena, akamwita Nassor aonje, akamwita na mpishi wa chai ya walimu. Baadaye akatia hamira ya maandazi, akafunika. Siku mbili hamira ilitoa povu kwa bidii, ya tatu ikachoka, na kufika siku ya saba ndoo nzima imekuwa siki. Mwanapili aliiomba ya kutilia kachumbari.

Nassor alimkuta amekaa mbele ya ndoo kama mtu aliyefiwa.

"Hamira ina uvivu wake," akasema. Alikuwa na kitabu mkononi, kidole kimeshika ukurasa. "Hebu tazama hapa, Bi Kazija. Kuna bakteria wanaokaa katika tembo la mnazi. Wanaila sukari mbio kuliko hamira, na karibu yote wanaigeuza ethanoli. Wenyewe hawanenepi."

"Wana adabu, basi. Wanapatikana wapi?"

"Huko nje wanauzwa ndani ya vichupa. Hapa kwetu..."

Hakumaliza. Wote wawili waligeuka kutazama nje ya dirisha, ambako minazi ilikuwa imejaa mpaka upeo wa macho.

Minazi si shida. Shida ni mgema. Ole yote ilikuwa na mtu mmoja tu aliyewahi kuijua vizuri kazi hiyo, naye ni Ame Safari, mjomba wake Kazija. Ujanani mwake hapakuwa na mnazi uliomkatalia. Lakini rafiki yake mmoja alilewa kwa tembo alilogema yeye, akatumbukia kisimani, akafa. Ame akaitupa kotama, kile kisu chake cha kugemea, akatubia mbele ya watu, na sasa alikuwa na miaka sitini na mitano, muadhini wa msikiti. Sauti yake ndiyo iliyoiamsha Ole kila alfajiri. Huyo ndiye wa kuambiwa arudi mnazini!

Kazija alimkuta barazani akisuka pakacha.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na jambo. Nakuona unavyomeza mate."

Alimweleza lote, kwa haraka, kama mtu anayebandua plasta. Mjomba Ame aliacha kusuka.

"Kijakazi!" alimwita mkewe. "Njoo umsikie mtoto wa dada yangu. Anataka nikamgemee tembo."

Bi Kijakazi alitokea mlangoni na mwiko mkononi, akamtazama Kazija, akarudi ndani bila kusema neno. Afadhali angetukana.

"Si la kunywa, mjomba. Nataka vijidudu vilivyomo. Kijiko kimoja kinanitosha."

"Miye nilimuahidi Mungu, Kazija."

"Ulimuahidi hutagema wakanywa watu. Hili halinywi mtu, ngwa."

"Na ukadhi umepewa lini weye?"

Kazija alimsogezea majani ya kusukia. Kuku walipita. Mjomba alirudia pakacha lake, akasuka ujani mmoja, wa pili akaukosea. Kisha, bila kuinua macho, aliuliza kwa sauti ya chini:

"Vinafananaje, hivyo vijidudu?"

"Sijaviona bado."

"Miaka yote ile nagema, nikishika kitonga cha kukingia tembo hata sijafika chini, povu limepanda. Hapana mtu aliyetia kitu. Nilikuwa nikijiuliza, ni mnazi unapumua, au n'nini?"

Moyo wa Kazija uliruka. Kumbe ule ugonjwa wake wa kuuliza hakuuokota njiani. Ulikuwa wa ukoo.

"Twende kwa Shehe Abrahman," mjomba akasema. "Akikataa, hatuzungumzi tena."

Shehe Abrahman, imamu wa msikiti ule, aliwasikiliza mpaka mwisho huku tasbihi ikizunguka kidoleni. Wanazuoni wamekhitilafiana katika mambo ya aina hii, alisema, lakini yeye anatazama kilichokusudiwa na kitakachotokea. Spiriti anayopakwa mgonjwa kabla ya sindano hajamwona mtu akiilalamikia.

"Swali langu ni moja, Bi Kazija. Waweza kunihakikishia hapana kinywa kitakachoionja?"

"Nitaitia shubiri, Shehe. Chupa itakayopokea tone la kwanza itakuwa na shubiri ndani tayari."

Shehe alikunja uso kana kwamba ameshaionja. "Basi Mungu akujaalie. Na weye Ame, ukishuka mnazini koga kwanza, ndipo uadhini."

Walipofika nyumbani kutafuta kisu kitakachofaa, Bi Kijakazi aliwatokea tena mlangoni. Safari hii hakushika mwiko. Alishika kitu kimefungwa ndani ya kipande cha kanga, akakiweka juu ya pakacha, akakifungua. Ilikuwa kotama, imepakwa mafuta, haina kutu.

"Aliitupa," akamwambia Kazija. "Miye nikaiokota. Chuma kizuri vile!"

Mjomba Ame alipanda baada ya alasiri, mnazi wa nyuma ya skuli. Habari ilikuwa imeshatembea na umati umeshajaa: wanafunzi, walimu, wachumaji karafuu waliopita na magunia yao. Wengine walikuja kucheka. Mzee alijifunga kamba miguuni, akaugusa mnazi kwa kiganja, akasema Bismillahi. Hatua tatu za mwanzo miguu ilitetemeka. Ya nne ikakumbuka. Akapaa, na vicheko vikakatika chini yake kimoja kimoja, mpaka alipofika juu ndipo watu wakapiga makofi.

"Msinisifu!" sauti ya muadhini ilishuka kutoka makutini. "Mgema akisifiwa mwajua analotia!"

Siku tano alipanda asubuhi na jioni kulichonga karara, ile ala ya maua ya mnazi, kwani mnazi hautoi maji yake kwa siku moja. Siku ya sita kitonga kilishuka na povu. Kazija alichota kijiko kimoja, na kilichobaki mjomba alikimwaga chini ya mnazi mbele ya mashahidi.

Sasa ikawa kazi ya kuvitenga vijidudu, maana ndani ya tembo mna kila jamii na hamira zimo pia. Kitabu kilitaka ute maalumu wa kuoteshea, na maabara haikuwa nao. Kazija akachemsha mwani, huu huu unaolimwa ufukweni na kuuzwa kwa magunia, akauchuja, akautia sukari, akaumimina katika visahani vya kioo. Uliganda kama faluda. Akachora juu yake kwa waya uliochovywa katika tembo. Baada ya siku mbili visahani vilikuwa vimeota madoadoa, mengine makubwa, mengine kama punje ya chumvi.

Hadubini ya skuli ilikuwa na lenzi kubwa ambayo haionyeshi kitu bila tone la mafuta maalumu, na kichupa cha mafuta hayo kilikuwa kimekauka zamani. Kazija alifungua pochi, akatoa mafuta ya karafuu anayotumia jino likimuuma.

"Bi Kazija, lenzi!" Nassor aliruka. "Itaharibika!"

"Wa zamani waliyatumia, imeandikwa. Nitaifuta mara moja."

Alipaka vijidudu ile dawa ya zambarau ya vidonda vya mdomoni, akadondosha tone la mafuta ya karafuu, akasogeza jicho. Doa la kwanza: mayai makubwa makubwa, hamira. La pili, hamira. La tatu, la nne, vivyo hivyo. Jasho lilikuwa linamtiririka puani. Kwenye doa la saba hakuondoa jicho, hata Nassor akamgusa bega.

"Viko," alinong'ona. Kisha akapiga kelele iliyosikika mpaka darasani. "Viko! Vijiti vifupi, vinene, viwili viwili kama wanaokwenda harusini! Mwiteni mjomba! Mwiteni mjomba wangu!"

Mjomba Ame alikuja na kanzu yake, akainama, akahangaika na jicho lipi afumbe. Halafu akatulia.

"Subhanallah," akasema. "Basi hivi ndivyo nilivyokuwa nikivibeba miye." Na hakuondoka pale mpaka alipokumbushwa kuwa adhuhuri imekaribia.

Kutoka hapo Kazija alikuwa mtu wa kukimbia. Doa moja likawekwa katika kichupa cha maji ya sukari, kichupa kikamiminwa katika ndoo, ndoo katika pipa la uji wa maganda. Pipa alilifunga, akatoboa tundu, akapitisha mpira ambao ncha yake ilizama katika chupa ya maji ili pumzi itoke na hewa isiingie. Asubuhi ya pili chupa ilikuwa ikibubujika kama inayochemka jikoni, na hapana moto. Kazija alikaa chini akahesabu mabubujiko kwa saa ya mkononi: mia na kumi kwa dakika! Hamira haikuwahi kufika hata nusu ya hapo. Wanafunzi wakipita walimkuta anazungumza na pipa. "Kuleni, wanangu, kuleni."

Lakini harufu haina mlango. Jumatano, siku aliyoanza kukipika kile kilichochacha ili atoe spiriti, mtu fulani alikuwa ameshapeleka neno. Sheha wa hapo, yaani kiongozi wa mtaa, Mzee Hamad Kificho, alifika na walinzi wawili na uso wa serikali.

"Nimeambiwa skuli yangu inapika gongo."

"Twapika spiriti, Sheha. Ya taa za maabara."

"Spiriti inawaka. Iwashe niione."

Chombo cha Kazija kilikuwa sufuria la presha juu ya jiko la umeme, na bomba la shaba la friji bovu, alilopewa na fundi mmoja wa Gombani, limepita ndani ya ndoo ya maji baridi. Matone yalikuwa yanaanguka katika chupa yenye shubiri. Alichukua kiasi katika kisahani, akawasha kibiriti, akakisogeza. Kibiriti kilizimika, tss. Akawasha cha pili. Tss. Cha tatu, vilevile.

"Haiwaki," alisema Sheha. "Kinachotoka kwenye muhogo uliochacha na kisiwake, Bi Kazija, kina jina lake, na jina lake walijua."

Mwalimu Nassor alilishika bomba kuona kama linavuja. Mjomba Ame, aliyekuwa amesimama kando, aliinamisha kichwa, na hilo ndilo lililomchoma Kazija. Yeye ndiye aliyempandisha mzee wa watu mnazini, amemrudisha kwenye jambo alilolitubia, na sasa watu wanamtazama.

"Nipe mpaka Jumamosi," Kazija alisema.

"Jumamosi saa nane. Isipowaka, pipa nalimwaga kwa mkono wangu na barua naiandika."

Walipoondoka Kazija alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akakitazama kisahani. Hakulia, alikuwa anawaza mbio mno. Spiriti huchemka kwenye nyuzi sabini na nane, maji kwenye mia. Spiriti inatangulia, lakini mvuke wa maji huifuata nyuma, umeishika nguo yake kama mtoto. Ilikuwa lazima waachanishwe njiani. Akasimama. Alikwenda kwa Mwanapili kuomba waya za kusugulia masufuria.

"Ngapi?"

"Zote."

Mwanapili alimtazama, akaona macho yale, akaita kikundi kizima. Wakampa kumi na saba. Kazija alizishindilia ndani ya bomba refu la chuma, akalisimamisha juu ya sufuria: mvuke upande ukigonga waya, maji yachoke yarudi chini, spiriti iendelee na safari. Alipoipika mara ya pili na kujaribu kidogo, kibiriti hakikuzimika. Kulitokea mwako wa uvivu, ukapepesuka, ukafa. Karibu! Bado maji kidogo.

Alhamisi asubuhi alikuwa juu ya baiskeli, mbio Wesha, kwa Duni mchoma chokaa.

"Wajenga?" Duni aliuliza.

"Sijengi. Nataka chokaa mbichi, iliyotoka tanuuni sasa hivi, ambayo haijaonja maji. Nataka ikanywe maji yangu."

Duni hakuelewa, lakini alipenda namna ilivyosemwa. Alimjazia debe, wakaliziba mdomo kwa nta, na Kazija akarudi Ole na joto la chokaa likimpapasa mgongoni njia nzima. Chokaa ilipoingia katika spiriti ilinguruma, ikavimba, ikapasha moto chombo chote. Ilikuwa inakunywa! Aliiacha inywe mpaka Jumamosi, kisha akaipika kwa mara ya mwisho, na kipimajoto kikasimama kwenye sabini na nane, kikakataa kutikisika. Matone yaliingia katika chupa yenye shubiri moja baada ya moja, na Nassor aliyekuwa akiyatazama alisahau kumeza mate.

Saa nane, uwanja wa skuli ulikuwa umejaa kuliko siku ya mnazi. Jua limesimama utosini. Kazija aliweka kisahani mezani nje, akamimina, akawasha kibiriti, akakigusisha, akarudi nyuma.

Kimya. Hapakuonekana kitu.

"Nilisema miye," Sheha alisema. Alisogea, akainama, akanyoosha kidole kukionyesha kisahani. "Mnaona wenyewe, haiwa... Yallah!"

Aliruka nyuma akitia kidole kinywani. Spiriti safi chini ya jua kali haionyeshi mwali wake. Moto ulikuwepo tangu mwanzo, unawaka kimyakimya, bila moshi. Kazija alikitwaa kisahani kwa koleo, akakipeleka kivulini, na hapo kila mtu akauona: mwali wa bluu, mwembamba, unacheza. Uwanja ulilipuka. Kina mama wa kripsi walipiga vigelegele. Bi Kijakazi, aliyekuja akasimama nyuma kabisa, alisikika akisema kwa nguvu, "Huyo ni mtoto wa wifi yangu huyo!" Sheha Hamad alikitazama kidole chake, akautazama mwali, na mwisho akaanza kucheka yeye mwenyewe.

"Inawaka," alitangaza, kama vile ndiye aliyeigundua. "Mimi ni shahidi. Inawaka kwelikweli."

Pipa lile moja lilitoa lita tano na ushei. Oktoba ilipofika taa zote ishirini na nne ziliwashwa kwa pamoja, na Kazija alizunguka na birika yake akijaza iliyopungua. Hakuna mrija ulioingia masizi. Alipoona mwali wa kwanza ukigeuka kijani kwa chumvi ya shaba, kisha wa pili, wa tatu, meza nzima kijani, ilibidi atoke nje kidogo, maana watahiniwa hawaruhusiwi kusikia mtu anacheka.

Baada ya hapo maisha yake hayakuwa ya kitajiri wala ya kusafiri. Cheo chake kilibaki kilekile. Ila kikundi cha Mwanapili kilijitengenezea majiko madogo ya spiriti, na kina mama wakaacha kukohoa juu ya kuni. Lundo la nyuma ya banda likaisha, hata ikabidi waombe maganda kwa majirani. Shehe Abrahman alikuja mara kwa mara kukagua shubiri. Mjomba Ame aliendelea kuadhini, na siku za Jumapili alipita maabara kuwatazama "wageni wake" kwenye hadubini. Kazija aliwatunza katika kichupa, anawalisha kila wiki, hata alipoumwa malaria aliwalisha kwanza ndipo akameza dawa.

Walimu wa chuo kimoja cha Unguja waliposikia habari wakaja kuomba mbegu ya vijidudu vile, walimkuta amepiga magoti mbele ya pipa jipya. Ndani yake safari hii mlikuwa na makonyo, vile vijiti vya karafuu, yaliyokwisha kukamuliwa mafuta na kutupwa. Pipa lilikuwa kimya. Alikuwa amejaribu mara nne na vijidudu vimekufa mara nne, kwa sababu makonyo, hata yakikamuliwa vipi, hubakiwa na mafuta kidogo, na mafuta ya karafuu huua vijidudu.

"Pole sana, Bi Kazija," mmoja wao alimwambia.

"Pole ya nini?" Aligeuka, uso unang'aa kwa jasho. "Jana waliishi saa sita nzima kabla ya kufa. Juzi waliishi saa nne tu! Hebu nishikieni hili pipa, nilioshe, nianze tena."